Ripoti ya kisa ni nini, na kwa nini mgonjwa mmoja aliyepona hatoshi

Ripoti ya kisa ni maelezo ya kitaalamu kuhusu mgonjwa mmoja: alifika na malalamiko gani, vipimo vilionyesha nini, alifanyiwa nini, na hali yake ikawaje baadaye. Daktari huiandika na kuichapisha katika jarida la tiba ili wenzake popote walipo wajue kwamba jambo hilo limewahi kutokea. Wagonjwa kadhaa wa aina moja wakielezwa pamoja, wawe watano au hamsini, huo huitwa msururu wa visa. Katika upasuaji wa moyo na mishipa ya damu, mbinu nyingi tunazoziona leo kuwa za kawaida zilianzia hapo, kwa mtu mmoja aliyelala mezani na daktari aliyethubutu.

Ripoti hiyo ina mpaka wake, na mpaka huo wengi wetu hatuuoni. Simu zetu zimejaa habari za fulani aliyekuwa hawezi hata kupanda ngazi, akatibiwa moyo mahali fulani, na sasa anacheza mpira. Habari inaweza kuwa ya kweli neno kwa neno, na bado isikuambie kama baba yako naye atapata nafuu kwa njia hiyohiyo. Kuna uamuzi wa kuuza shamba unaofanywa kwa sababu ya video ya dakika mbili, ndiyo maana naona jambo hili linastahili kuelezwa taratibu.

Tuanze na uzuri wake. Tarehe 16 Januari 1964, katika mji wa Portland nchini Marekani, bibi mmoja wa miaka 82 alikuwa na mguu ulioanza kuoza kwa kukosa damu. Mshipa wa pajani ulikuwa umebanwa, vidole vimeingia donda ndugu, na madaktari walishauri mguu ukatwe. Alikataa. Daktari Charles Dotter, ambaye kazi yake ilikuwa picha za eksirei wala si upasuaji, akapitisha waya mwembamba ndani ya mshipa ule hadi ng'ambo ya pale palipobana, kisha juu ya waya huo akasukuma mirija iliyozidi kuwa minene ili kuipanua njia. Baada ya dakika chache mguu ulipata joto. Maumivu yaliisha, kidonda kikapona, na bibi yule akaendelea kutembea kwa miguu yake miwili mpaka alipofariki miaka kadhaa baadaye kwa sababu nyingine.

Kisa kama hicho kinathibitisha jambo moja kubwa: inawezekana. Kabla yake mtu angeweza kusema kwamba ukichokonoa mshipa uliobanwa kwa waya utaupasua, na asingekosa wa kumwunga mkono. Miaka 13 baadaye, Septemba 1977, daktari Andreas Grüntzig aliifikisha njia hiyo kwenye mishipa ya moyo wenyewe mjini Zürich, Uswisi, akitumia puto dogo linalopulizwa ndani ya mshipa badala ya mirija. Kila anayezibuliwa mshipa wa moyo leo kupitia kifundo cha mkono au nyonga ana deni kwa kisa cha Portland.

Visa pia hufichua ugonjwa ambao haujapewa jina. Mwaka 1948 daktari J. N. P. Davies, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza wagonjwa ambao utando wa ndani wa vyumba vya moyo wao ulikuwa umegeuka kovu gumu, moyo ukashindwa kutanuka na kupokea damu. Bila mtu wa kuwaandika wale wachache kwa makini, wangezikwa na kuhesabiwa kuwa ni watu waliovimba tumbo na miguu tu.

Ule mpaka wa ripoti ya kisa nauona vizuri zaidi nikifuata historia ya mshipa mmoja. Nyuma ya mbavu, kando ya mfupa wa kidari, kuna ateri mbili (ateri ni mshipa unaotoa damu kwenye moyo) zinazoshuka, moja kulia na moja kushoto. Kazi yake ni kulisha ukuta wa kifua. Mwaka 1939 nchini Italia liliibuka wazo kwamba ateri hizi zikifungwa kwa uzi, damu itatafuta njia nyingine na sehemu yake itaelekea kwenye moyo wenye njaa ya damu. Upasuaji wenyewe ulikuwa mwepesi: ganzi ya sehemu, mikato miwili midogo kifuani, mafundo mawili, basi. Kufikia miaka ya 1950 ulikuwa umeenea Marekani. Misururu ya visa ilichapishwa, na humo wagonjwa wengi waliokuwa wakibanwa kifua walisema wamepona au wamepata nafuu kubwa. Wengine walipunguza vidonge vyao. Hakuna aliyesema uongo, si wagonjwa wala madaktari.

Kisha daktari Leonard Cobb na wenzake mjini Seattle, Marekani, wakafanya jambo ambalo halikuwa limefanywa. Walichukua wagonjwa 17. Kila mmoja alichanwa ngozi na ateri zake zikafikiwa, na hapo ndipo daktari wa upasuaji alipopewa bahasha iliyosema kama afunge au asifunge. Wagonjwa 8 walifungwa ateri. Wengine 9 walishonwa ngozi tu, ateri zao zikiachwa kama zilivyokuwa. Mgonjwa hakujua yuko upande upi, na waliompima baadaye pia hawakujua. Majibu yalipotoka mwaka 1959, waliofungwa na wasiofungwa walikuwa wamepata nafuu sawasawa. Mwaka uliofuata, kundi la Grey Dimond huko Kansas lilichapisha matokeo kama hayo kwa wagonjwa 18, na wote 5 ambao hawakufungwa chochote walisema wana nafuu. Upasuaji ule ukatoweka mahospitalini.

Nafuu yao ilitoka wapi? Maumivu ya kifua hupanda na kushuka yenyewe, na mtu huenda hospitali pale yanapokuwa yamepanda, kwa hiyo hata asipofanyiwa kitu kuna uwezekano mkubwa yatashuka. Kuna matumaini, ambayo hupunguza maumivu kwa kweli na si kwa kujidai. Kuna kupumzika, kuachishwa sigara, kuangaliwa na daktari kila wiki. Vyote hivi humfuata mgonjwa aliyepasuliwa, na ripoti ya kisa haina namna ya kuvitenganisha na kisu. Msururu wa visa 50 hauna namna pia. Kuongeza idadi hakusaidii ikiwa hakuna wa kumlinganisha naye.

Kulinganisha huko ndiko kunakoitwa jaribio la kitabibu la nasibu. Wagonjwa wanaofanana hugawanywa kwa bahati nasibu, upande mmoja upate tiba mpya na mwingine upate tiba iliyopo au ya bandia, kisha wote wafuatiliwe kwa kipimo kilekile. Bahati nasibu ndiyo moyo wa jambo lenyewe. Daktari akichagua mwenyewe, atampa tiba mpya mgonjwa mwenye nguvu na kumwacha aliyedhoofika, hata bila kukusudia, halafu nguvu za mgonjwa zitahesabiwa kuwa nguvu za tiba.

Lazima niseme pia kwamba wagonjwa wa Seattle hawakuelezwa waziwazi kwamba huenda wangechanwa ngozi bure. Leo hilo haliruhusiwi. Mgonjwa hupewa maelezo yote, huuliza, hutia sahihi au hukataa, na kamati ya maadili hupitia mpango mzima kabla mtu wa kwanza hajaguswa. Tanzania kazi hiyo kwa ngazi ya taifa iko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Hata ripoti ya kisa kimoja huhitaji idhini ya mwenyewe, maana anayesomwa mle ni mtu, na mara nyingi picha za moyo wake zimo.

Ateri ile ya kidari haikuishia kwenye aibu. Mwaka 1964 daktari Vasilii Kolesov wa Leningrad (sasa St. Petersburg, Urusi) hakuifunga; aliikata ncha ya chini na kuishona kwenye mshipa wa moyo, mbele ya sehemu iliyoziba, ili damu ipite pembeni. Huo ndio upasuaji ambao wengi huuita baipasi. Kwa miaka mingi madaktari wengi walipendelea vena ya mguuni, yaani mshipa unaorudisha damu kwenye moyo, kwa kazi hiyo kwa kuwa ni rahisi kuichukua. Kisha mwaka 1986 hospitali ya Cleveland nchini Marekani ikatoa hesabu ya wagonjwa wake wa muda mrefu: 2,306 waliopandikizwa ateri ya kidari na 3,625 waliopandikizwa vena peke yake. Katika miaka 10, waliopata vena tu walikuwa na hatari ya kufa mara 1.61 ya wenzao. Ateri ile ina sifa ya kutokuziba mafuta kwa urahisi, na vena ya mguuni huchakaa.

Utafiti wa Cleveland haukuwa wa bahati nasibu. Ulikuwa wa kutazama nyuma na kufuatilia, na watafiti walitumia hesabu kusawazisha tofauti za umri na ukali wa ugonjwa. Nauona kuwa ushahidi wenye uzito, kwa sababu idadi ilikuwa kubwa, muda ulikuwa mrefu, na sababu ya kibaiolojia inaeleweka. Ateri ya kushoto ya kidari kwenye mshipa wa mbele wa moyo imebaki kuwa kanuni ya upasuaji huu hadi sasa.

Ushahidi wa aina hiyo unaweza pia kutupa matumaini kupita kiasi. Ikiwa ateri moja ni nzuri, mbili si zitakuwa nzuri zaidi? Tafiti za kufuatilia zilisema ndiyo. Kwa hiyo likafanyika jaribio la nasibu kwa wagonjwa 3,102 katika nchi 7, likiongozwa kutoka Oxford, na matokeo ya miaka 10 yakatoka mwaka 2019. Waliopangiwa ateri mbili walifariki asilimia 20.3, waliopangiwa moja asilimia 21.2. Kwa kipimo cha utafiti hiyo si tofauti. Mjadala haujaisha, kwa sababu baadhi ya waliopangiwa mbili waliishia kupata moja, lakini anayesema ateri mbili zimethibitishwa kuokoa maisha zaidi anapita mpaka wa ushahidi.

Muda wa kufuatilia nao una uzito wake. Tarehe 3 Desemba 1967 Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa binadamu kwa binadamu mwingine kwa mara ya kwanza, Cape Town. Ripoti ya awali ilichapishwa katika jarida la tiba la Afrika Kusini tarehe 30 Desemba, na kichwa chake kiliuita upasuaji uliofanikiwa. Mgonjwa alikuwa ameshafariki tarehe 21, baada ya siku 18, kwa nimonia. Kama kushona ndiko kunakopimwa, ulifanikiwa kweli. Kwa familia iliyokuwa ikimsubiri nyumbani, kipimo kilikuwa kingine. Basi ukisoma kwamba upasuaji umefanikiwa, tafuta kwanza mgonjwa alitazamwa kwa muda gani: alipotoka chumba cha upasuaji, alipotoka wodini, au baada ya miaka mitano.

Kwa Afrika Mashariki suala hili la kupima ushahidi lina uzito wa pekee, kwa kuwa wagonjwa wetu wengi wa upasuaji wa moyo ni vijana ambao vali zao, yaani milango ya moyo, zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi. Anayewekewa vali ya chuma hunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote na kupimwa damu kila mara, na kama kituo cha kupima kiko mbali, huo ni mzigo. Dawa mpya isiyohitaji kupimwa ingekuwa faraja, na ilishafanya vizuri kwa wagonjwa wa aina nyingine. Dawa moja ya aina hiyo, dabigatrani, ilipojaribiwa kwa wenye vali za chuma, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kwa wagonjwa 252, utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati: waliopata kiharusi kwenye dawa mpya walikuwa 9, kwenye warfarini hakuna. Mwenye vali ya chuma asibadilishe dawa kwa kusikia kwamba jirani mwenye ugonjwa mwingine wa moyo ameacha warfarini na yuko salama.

Na kuna jaribio la kaskazini mwa Uganda ambalo majibu yake yalitoka mwaka 2021. Watoto 818 wa miaka 5 hadi 17, ambao picha ya moyo ilionyesha dalili za mwanzo za kuharibika kwa vali ingawa wenyewe hawakuhisi kitu, waligawanywa kwa nasibu. Nusu walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka 2, nusu hawakuchomwa. Kwa waliochomwa, ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 3. Kwa wasiochomwa, 33. Tazama upande wa pili wa hesabu hiyo: zaidi ya 9 kati ya kila 10 ya wasiochomwa hawakuharibika zaidi katika muda huo. Daktari ambaye angewachoma watoto hao maji matupu na kuandika ripoti za visa vyao angeonyesha mafanikio ya zaidi ya asilimia 90. Watoto wasiochomwa ndio waliowezesha kuonekana kwamba penisilini imewakinga wenzao takriban 30 na uharibifu ambao, ukiachwa, hufika kwenye meza ya upasuaji.