Maadili chuoni hayaishii kwenye sketi

Tangu mwaka wa kwanza waripoti, simu nyingi zinazoingia ofisi ya ushauri wa wanafunzi hapa Tabora ni za wazazi, na karibu zote zinahusu mavazi. Kanuni ya mavazi ipo, imebandikwa kwenye mbao za matangazo. Tuliache hilo.

Wanaotufikia wamekata tamaa wana mengine. Wiki ya bumu, fedha ya mkopo wa wanafunzi, utamkuta kijana chini ya mwembe, simu mkononi, anahesabu mechi. Mkeka wake wa kubeti ukichanwa na timu moja, anaongeza dau afidie. Wiki ya pili anapiga pasi ndefu, mlo mmoja kwa siku, ya tatu keshaingia mikopo ya riba kubwa ya kausha damu, huku nyumbani Urambo wanasubiri tumbaku inunuliwe wamalizie ada. Sheria inamruhusu mwenye miaka 18 kubeti, hivyo hatumwadhibu. Tunakaa naye, tunaipanga fedha kabla haijaingia: geto, chakula, nakala. Aliyekwishazama, tunaanza na madeni.

Rushwa ya ngono, hapa naomba usome taratibu. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamhusu mwenye mamlaka anayedai ngono ili akupe haki au upendeleo, alama zikiwemo. Kilipotungwa kiliweka faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Piga 113 ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni bure, au fika ofisini kwao kabla hujaenda huko ulikoitwa. Ujumbe usiufute, wala usiurushe kwenye magrupu. Andika tarehe, saa na mahali. Huhitaji kibali cha chuo kutoa taarifa. Wapo wanaokuja matokeo yakishabandikwa, ujumbe wameshafuta, kisha wanalalamika kwamba tunalindana. Tulinde nini, ndugu zangu, wakati hatujaambiwa?

Na hili la "kwani mimi kichaa?", mkiambiwa mje kwa mshauri, limetuchosha. Ushauri nasaha hauingii kwenye faili la nidhamu. Unayosema yanabaki ofisini, isipokuwa maisha yako au ya mwenzako yakiwa hatarini; hapo tutamhusisha daktari, ikibidi hospitali ya Kitete.

Wengi huanza kwa kuulizia kitambulisho kilichopotea. Tunajua. Tunawapa kiti, tunafunga mlango, tunaanza na hicho kitambulisho.