Kukabidhi si “kubadilishana wahalifu”

Kila yanapozungumzwa maasi ya Ikhwani wa Najd, wapiganaji wa kidini wa makabila ya Arabia ya kati waliomwasi mtawala wao Ibn Saud, na jinsi yalivyozimwa mwaka 1930, sentensi moja hurudi: kwamba Uingereza “iliwarejesha wakimbizi” Riyadh “kwa mujibu wa mkataba wa kubadilishana wahalifu”. Sentensi hiyo ina makosa matatu: moja katika neno wakimbizi, moja katika neno wahalifu, na kubwa zaidi katika neno kubadilishana.

Maana kwanza, kwa ufupi. Kinachoitwa kubadilishana wahalifu ni utaratibu wa kisheria. Nchi moja huiomba nyingine imtoe mtu anayetuhumiwa au aliyekwisha kuhukumiwa kwa kosa la jinai. Lazima uwepo mkataba au sheria inayoruhusu. Ombi hupitia njia za kibalozi likiwa na hati ya kukamatwa, maelezo ya utambulisho wa mtu na muhtasari wa ushahidi. Kitendo chenyewe kiwe ni kosa katika nchi zote mbili. Hakimu husikiliza, kisha waziri huamua. Anayetolewa hushtakiwa kwa kosa lililotajwa kwenye ombi tu, si kwa jingine litakalokumbukwa baadaye. Na katika mikataba mingi ya tangu karne ya 19, mwenye kosa la kisiasa hatolewi.

Neno lenyewe ndilo chanzo cha vurugu. Badili limetoka katika Kiarabu, ukoo mmoja na badala. Kubadilishana kunataka vitu viwili na mikono miwili: nakupa hiki, nipe kile. Mateka wa vita hubadilishwa hivyo, kumi kwa kumi, na hapo neno limekaa mahali pake. Lakini katika utaratibu niliouelezea hakuna anayekwenda upande wa pili kuwa badala ya aliyetolewa. Kinachobadilishwa ni ahadi: leo nitakupa wako, kesho utanipa wangu. Ahadi hiyo ndiyo iliyoingia katika jina, na msomaji asiyeambiwa hivyo hubaki akitafuta mtu wa pili ambaye hayupo.

Mhalifu nalo lina yake. Halifu ni Kiarabu, khalafa, kwenda kinyume. Katika Kiswahili cha zamani kuhalifu amri ni kuikaidi, na mhalifu ni mkaidi kabla ya kuwa mwizi au muuaji. Kwa asili hiyo, aliyemwasi mfalme wake ni mhalifu kamili. Lakini kwa sheria ya mikataba, mwasi huyohuyo ndiye anayeondolewa katika orodha ya wanaoweza kukabidhiwa, kwa kuwa kosa lake ni la kisiasa. Neno linamwingiza, sheria inamwondoa. Ndiyo maana kuwaita viongozi wa Ikhwani “wahalifu” katika sentensi inayozungumzia mkataba ni kuchanganya maana mbili zilizoachana zamani.

Basi tuingie jangwani. Mwaka 1922, huko Uqair, Sir Percy Cox, mwakilishi mkuu wa Uingereza huko Iraq, aliweka mpaka kati ya Najd na Iraq, na kati ya Najd na Kuwait, pamoja na maeneo mawili ya pamoja yasiyo ya upande wowote. Mpaka huo ulipita juu ya watu wanaohama na mvua. Watu wa makabila ya Mutayr na Ajman walifuata malisho na visima kaskazini kila mwaka, na soko lao lilikuwa Kuwait. Kuvuka mstari, kwao, hakukuwa kukimbia. Mtu angeweza kuuvuka kwa ajili ya malisho, au kwa ghazu, yaani uvamizi wa kuteka mifugo, au kwa kutafuta hifadhi. Kundi lilelile liliweza kuwa na nia zote tatu ndani ya msimu mmoja. Afisa aliyekaa na ramani Basra au Kuwait alitakiwa kuzitambua nia hizo kwa kuangalia vumbi.

Mkataba wa Bahra wa Novemba 1925, kati ya Iraq na Najd, ulijaribu kuzitenganisha. Ghazu ya kuvuka mpaka ilihesabiwa uchokozi, na serikali ya wavamizi ndiyo iliyopaswa kuwaadhibu. Uhamaji wa malisho ulitakiwa uwe na kibali, lakini kibali kisinyimwe pale sababu inapokuwa malisho kweli. Kuhusu kutoa watuhumiwa, mkataba uliahidi jambo dogo tu: pande mbili zitaanza mazungumzo ya kirafiki ili kufikia makubaliano maalumu. Yaani ahadi ya kuzungumza, basi. Anayetaja “mkataba” uliotumika Januari 1930 mara nyingi amekisoma kifungu hiki nusu.

Mazungumzo hayakuzaa kitu kwa miaka, na sababu inaeleweka. Baada ya Hail, mji mkuu wa watawala wa kabila la Shammar, kuanguka mikononi mwa Ibn Saud mwaka 1921, sehemu ya Shammar ilikimbilia Iraq, na wengine wao wakawa wanarudi kuvamia Najd. Ibn Saud aliwataka. Katika mkutano wa Kuwait wa 1923 na 1924 suala la Shammar lilikuwa miongoni mwa yaliyokwamisha maafikiano. Iraq ilikataa kuwatoa, ikishikilia desturi ya Waarabu ya hifadhi.

Desturi hiyo ina jina linalofaa kufahamika, kwa kuwa sisi tunalitumia bila kujua. Anayeingia hemani mwa mtu, au akashika kamba ya hema au vazi la mwenyeji na kuomba, huwa dakhil wake: aliyeingia. Kuanzia hapo heshima ya mwenyeji imefungwa naye, na kumtoa kwa adui yake ni aibu inayorithiwa na watoto. Mzizi ni uleule wa dahili na udahili wetu. Anayepokewa chuo kikuu Dodoma na anayepokewa hemani Jahra, Kuwait, wameingia kwa kitenzi kimoja.

Mkimbizi ni neno jingine kabisa. Wengi hudhani limetokana na kukimbiza. Siyo. Limetokana na kukimbia, kwa njia ileile ambayo kujua kumezaa mjuzi na kulea kumezaa mlezi: sauti ya l iliyokuwamo zamani imepotea katika kitenzi, ikaacha z katika jina. Mkimbizi ni aliyekimbia. Neno halisemi kakimbia nini wala kapokewa na nani. Dakhil ni kinyume chake: halihoji ulikotoka, linamtaja mwenyeji. Na mkimbizi wa kisheria, mwenye haki ya kutorudishwa kwenye hatari, kwa mwaka 1930 alikuwa wa orodha ya mataifa machache yaliyotajwa. Warusi walikuwamo tangu 1922 na Waarmenia tangu 1924. Kanuni ya kutomrudisha mkimbizi iliandikwa katika mkataba wa kimataifa kwa mara ya kwanza mwaka 1933. Kwa hiyo Mutayr waliojaa Jahra walikuwa wakimbizi kwa Kiswahili cha kawaida, na kwa sheria ya wakati ule hawakuwa chochote.

Sasa tukio. Faisal al-Duwish, mkuu wa Mutayr (si Mfalme Faisal wa Iraq, wawili hawa huchanganywa), alijeruhiwa vitani Sabilla, dhidi ya jeshi la Ibn Saud, mwishoni mwa Machi 1929. Ajman waliingia katika maasi mwezi Mei, baada ya mkuu wao Dhaydan bin Hithlayn kuuawa akiwa mikononi mwa mtoto wa gavana wa Ibn Saud huko Hasa. Kufikia mwisho wa mwaka waasi walikuwa wamesukumwa hadi ukingoni mwa Kuwait. Uingereza, iliyoshika mambo ya nje ya Kuwait kwa makubaliano ya 1899, ilikuwa imekwisha kumwahidi Ibn Saud kwamba waasi hawatapata hifadhi Kuwait wala Iraq. Harold Dickson, wakala wa Uingereza mjini Kuwait, alikuwa amemweleza al-Duwish hivyo. Shekhe Ahmad al-Jabir wa Kuwait alikuwa na huruma nao, lakini uamuzi haukuwa wake.

Wakavuka hata hivyo, Januari 1930. Ndege na magari ya deraya ya Jeshi la Anga la Uingereza yaliwazingira. Al-Duwish, Nayif bin Hithlayn na Jasir bin Lami walijisalimisha kwa Waingereza, wakapelekwa Basra kwa ndege na kuwekwa melini. Hapa ndipo pa kukazia macho. Hakukuwa na hati ya kukamatwa, wala hakimu. Hakuna aliyeuliza kama kumwasi Ibn Saud ni kosa kwa sheria ya Kuwait. Aliyekwenda kuzungumza ni mjumbe wa kisiasa, Sir Hugh Biscoe, mwakilishi mkuu wa Uingereza katika Ghuba, akiwa na Dickson. Walimkuta Ibn Saud kambini kwake Khabari Wadha, na siku kadhaa zikapita katika kupatana bei. Neno bei hapa ndilo sahihi. Ibn Saud aliahidi kutowaua, na adhabu iwe na huruma. Aliahidi kuzuia ghazu dhidi ya Iraq na Kuwait, kushughulikia madai ya mali iliyotekwa, na kulipa pauni 10,000. Baada ya hapo viongozi hao watatu walipelekwa kwake kwa ndege ya Kiingereza.

Hiyo inaitwa kukabidhi. Katika Kiarabu qabada ni kushika, kufumba mkono juu ya kitu, na aliyeshika ni anayepokea. Kiswahili kimeugeuza mkono: kwetu anayekabidhi ni anayetoa, ila kumbukumbu ya mkono uliofumbwa imebaki katika kabidhi kwa maana ya bahili, mkono wa birika. Imebaki pia katika cheo cha Kabidhi Wasii Mkuu, anayeshika mali ya marehemu kwa amana. Na amana ndiyo inayolitofautisha neno hili na kutoa tu. Ukimkabidhi mtu kitu, unamkabidhi pamoja na masharti ya namna ya kukitunza, na unabaki na haki ya kuuliza. Biscoe alikabidhi watu kwa masharti. Udhaifu wa njia hii ni kwamba masharti yanalindwa na neno la mfalme tu. Katika njia ya mkataba, hukumu ya hakimu na kikomo cha mashtaka viko kwenye karatasi. Katika kukabidhi kuna ahadi na kumbukumbu ya waliokuwapo. Al-Duwish hakuuawa. Alifia gerezani Riyadh mwaka 1931.

Anayedai kwamba Waingereza hawakujua tofauti hii aitazame Zanzibar ya 1896. Baada ya jumba la Sultani kupigwa mizinga tarehe 27 Agosti, Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, aliingia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Uingereza ilimdai. Wajerumani walijibu kwamba mkataba wa kutoleana wahalifu kati ya mataifa hayo mawili hauwagusi wenye makosa ya kisiasa. Tarehe 2 Oktoba, maji makuu yalipojaa, mashua ya meli yao ya kivita Seeadler ilisogea hadi kwenye bustani ya ubalozi, Khalid akapanda bila kukanyaga ardhi ya Zanzibar, akapelekwa Dar es Salaam. Mwaka huohuo Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyewaasi Waingereza katika pwani ya Kenya ya leo, alivuka mpaka na watu wake na kupokewa upande wa Wajerumani. Sheria ilijulikana vizuri. Kilichotofautiana ni nani aliyekuwa mwenyeji. Khalid alikuwa kwa taifa lenye manowari, na al-Duwish alikuwa kwa shekhe asiyeruhusiwa kuzungumza na mataifa mwenyewe.

Tarehe zinamaliza ubishi. Ibn Saud na Mfalme Faisal wa Iraq walikutana Februari 1930 ndani ya meli ya Kiingereza Lupin, wiki chache baada ya al-Duwish kupelekwa. Mkataba wa kutoa wahalifu kati ya Iraq na dola ya Ibn Saud ulipatikana mwaka 1931. Wa Kuwait, ambao Uingereza iliusaini kwa niaba yake, ni wa 1942. Yaani Januari 1930 hapakuwa na mkataba wa aina hiyo wa kutekelezwa, si Iraq si Kuwait.

Kwa hiyo anayeandika kwamba Uingereza “iliwarejesha wakimbizi kwa mkataba wa kubadilishana wahalifu” hana haja ya kufuta ukurasa mzima. Aandike: Januari 1930 Uingereza iliwakabidhi viongozi wa Ikhwani kwa Ibn Saud, kwa masharti. Nafasi ikiwa ndogo, “iliwakabidhi” peke yake linatosha.