Duka lina taa, rafu na risiti: filamu za wizi zinavyouzwa katika miji ya China

Dawati letu la hakimiliki limekuwa likipokea malalamiko yanayofanana kama pacha. Mfanyabiashara amekwenda Guangzhou kufuata nguo, viatu au vifaa vya simu. Akiwa huko kaingia duka la filamu, kajaza begi, na aliporudi mzigo ukazuiwa forodhani. Anakuja kwetu na karatasi mkononi: "Nimenunua dukani, mchana kweupe, na risiti hii hapa." Wengi wao ni watu waaminifu, hawakukusudia kuvunja sheria ya nchi yoyote. Kwa sababu hiyo tumeona ni vyema kueleza maduka hayo yanaendeshwaje, na kwa nini risiti ile haimsaidii aliyeishika.

Kwanza tuondoe kauli tunayoisikia karibu kila wiki, kwamba "China hakuna sheria ya hakimiliki". Si kweli, na inachosha kuisikia kwa watu wanaosafiri kwenda huko mara nne kwa mwaka. Sheria ya Hakimiliki ya China ilianza kutumika tarehe 1 Juni 1991. Mwaka uliofuata nchi hiyo ikajiunga na Mkataba wa Berne, ambao ni mkataba wa kimataifa wa kulinda kazi za ubunifu, na Desemba 2001 ikaingia Shirika la Biashara Duniani pamoja na masharti yake yote ya mali ya ubunifu. Sheria hiyo imerekebishwa mara tatu, mara ya mwisho Novemba 2020. Kwa hiyo sheria ipo. Jambo la kuuliza ni vipi duka liliweza kukaa wazi miaka kumi mbele ya sheria hiyo.

Aliyetembea Shanghai au Beijing katika miaka ya 2000 anayakumbuka maduka hayo. Barabara ya Dagu mjini Shanghai ilijulikana kwa wageni wote kwa biashara hiyo: duka safi, kiyoyozi, rafu zimepangwa kwa majina ya waongozaji, muuzaji anazungumza Kiingereza cha kutosha. Diski moja iliuzwa yuani 5 hadi 10. Wanunuzi wazoefu waliuliza "D5" au "D9", yaani diski ya tabaka moja yenye gigabaiti 4.7, au ya matabaka mawili yenye 8.5 na picha bora zaidi. Filamu iliyorekodiwa kwa kamera ya kificho ndani ya sinema iliitwa kwa Kichina "toleo la bunduki", na muuzaji mwenye kujali wateja alikuambia mapema usiichukue, subiri wiki mbili nakala safi ije. Diski ikigoma, unairudisha na kupewa nyingine. Huduma hiyo nzuri ndiyo inayowapumbaza watu. Mtu anayekubadilishia bidhaa bila ugomvi huonekana mfanyabiashara halali, ilhali ukarimu wake haumfanyi awe na leseni ya mwenye filamu.

Nje ya maduka walikuwepo wamachinga wa madaraja ya waenda kwa miguu na wa maeneo ya kompyuta kama Zhongguancun, Beijing, wakinong'ona neno moja tu, "DVD, DVD". Hao walibeba kava peke yake. Ukichagua, mwenzao alikimbia kuleta diski kutoka chumba cha jirani.

Mpangilio wa ndani ya duka ndio unaostahili kuangaliwa kwa makini. Mbele ziliwekwa diski halali chache, aghalabu za bei ya juu na zenye vumbi, kwa ajili ya mkaguzi. Hizo zilikuwa danganya toto. Biashara yenyewe ilikuwa nyuma ya pazia, nyuma ya kabati linalosogea, au ghorofani. Shanghai ilipoandaa Maonyesho ya Dunia mwaka 2010, maduka kadhaa yalijengewa ukuta katikati: mgeni akaona duka lililopungua nusu likiuza kazi halali, na mteja anayejulikana akapitishwa mlango wa siri hadi nusu ya pili, ambako hali ilikuwa ileile ya zamani. Misako huja kwa msimu. Kabla ya Olimpiki ya Beijing ya 2008 ilikuwa hivyo, na karibu na tarehe 26 Aprili, Siku ya Mali ya Ubunifu Duniani, marundo ya diski husagwa hadharani mbele ya kamera. Mwenye duka aliijua kalenda hiyo kama mkulima anavyojua masika.

Mzigo ulitoka hasa mkoa wa Guangdong, ambako mitambo ya kutengeneza diski ilisimikwa kwa wingi miaka ya 1990 pale VCD, diski ya video iliyoitangulia DVD, ilipoenea majumbani. Baada ya makubaliano na Marekani ya mwaka 1995, viwanda vilitakiwa kuchonga kwenye kila diski alama ya utambulisho karibu na tundu la katikati, na mkoa huo ukaahidi zawadi ya yuani 300,000 kwa atakayefichua mtambo wa siri. Maharamia walijibu kwa kuikwangua alama. Ukishika diski yenye mchubuko karibu na tundu, umeshika ushahidi. Diski iliyochomwa kwa kompyuta yenyewe huwa na rangi ya zambarau au kijani upande wa chini, tofauti na fedha safi ya ile iliyotoka kwenye kalibu kiwandani. Zile DVD zenye filamu ishirini kwa pamoja zilizojaa Kariakoo na River Road miaka ile ni za ukoo huohuo. Hakuna kampuni yoyote ya filamu iliyowahi kutoa leseni ya kubana kazi ishirini za wenye haki mbalimbali ndani ya diski moja. Hili tulidhani halihitaji kuelezwa.

Kuna sababu ya soko pia. Filamu za kigeni zinazoingia sinema za China kwa mgao wa mapato, yaani mwenye filamu hupata sehemu ya mauzo ya tiketi, zilianza na 10 kwa mwaka mnamo 1994, zikawa 20 baada ya kuingia Shirika la Biashara Duniani, na 34 tangu makubaliano ya Februari 2012. Nyingine zote zilibaki nje, au zikisubiri wakaguzi wa maudhui, na pengo hilo maduka yalilijaza. Aidha, kifungu cha 4 cha sheria yao kilikuwa kikisema kazi iliyokatazwa kuchapishwa hailindwi. Marekani ilipeleka shauri kwenye Shirika la Biashara Duniani mwaka 2007, jopo la shirika hilo likaamua Januari 2009 kwamba kifungu hicho kinapingana na wajibu wa China, na mwaka 2010 kikarekebishwa. Tunaeleza haya ili ieleweke chanzo. Asichukue mtu kuwa ni ruhusa.

Sasa adhabu, ambazo watu huzichanganya. Ziko ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni ya utawala. Maofisa wa utekelezaji wa soko la utamaduni au wa hakimiliki hutaifisha nakala na vifaa, kisha hutoza faini. Kwa sheria iliyoanza tarehe 1 Juni 2021, biashara haramu ikifikia yuani 50,000, faini ni mara moja hadi mara tano ya kiasi hicho. Ikiwa chini ya hapo au haiwezi kukokotolewa, faini inaweza kufika yuani 250,000.

Ngazi ya pili ni ya madai. Mwenye filamu hulipwa hasara aliyopata. Hasara isipothibitika, mahakama hukadiria fidia kati ya yuani 500 na 5,000,000.

Ngazi ya tatu ni ya jinai, na hapa ndipo siri ya maduka ilipo. Kifungu cha 217 cha Sheria ya Jinai kinamhusu anayezalisha na kusambaza nakala. Tafsiri ya mahakama ya mwaka 2004 iliweka kizingiti cha kushtakiwa kuwa nakala 1,000, na mwaka 2007 kikashushwa hadi 500. Kifungu cha 218 kinamhusu muuzaji, na tafsiri hiyo ya 2004 ilitaka faida haramu ya yuani 100,000 ndipo ashtakiwe. Muuzaji asiye na daftari la mauzo atathibitishiwaje faida hiyo? Basi wenye maduka walijifunza kuhesabu: rafuni ziwe chache, zilizobaki zikae kwenye fleti ya jirani. Tangu tarehe 1 Machi 2021 kifungo cha juu kimepandishwa hadi miaka 10 kwa kifungu cha 217 na miaka 5 kwa kifungu cha 218.

Wapo wanaotuambia mgeni haguswi. Aprili 2005 mahakama ya Shanghai ilimfunga Mmarekani mmoja miaka miwili na nusu, faini yuani 500,000, kisha afukuzwe nchini, kwa kuuza DVD kupitia intaneti bila kibali. Kosa alilohukumiwa ni kufanya biashara isiyoruhusiwa, ambalo ni tofauti na hayo mawili tuliyoyataja. Kukosa leseni pekee kulitosha.

Leo maduka mengi ya diski yamefungwa. Kilichoyaondoa zaidi ni intaneti, kisha misako. Tovuti nazo zimeandamwa: Juni 2014 Shenzhen iliitoza kampuni ya programu ya kuchezea video, Kuaibo, yuani milioni 260, na mwaka 2021 mwanzilishi wa Renren Yingshi, iliyosambaza filamu za kigeni zenye manukuu ya Kichina, alifungwa miaka mitatu na nusu. Lakini mzigo unaotufikia sasa ni hard diski na flashi zilizojazwa filamu tayari. Kubadilika kwa chombo hakubadilishi kosa, na tunaomba sana wasafiri wetu waache kutueleza kwamba "sikununua filamu, nilinunua flashi".

Kwa upande wa nyumbani, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inakataza kuingiza bidhaa bandia za aina zote. Mzigo ukikamatwa wewe usipokuwepo, utapewa taarifa ya maandishi yenye sababu. Ukitaka kuudai, unaandika barua kwa Kamishna wa Forodha ndani ya mwezi mmoja. Muda huo ukipita bila barua, mzigo huhesabiwa kuwa umetwaliwa. Tunasikitika kwamba wengi hufika kwetu mwezi wa tatu, wakiwa wameutumia ule wa kwanza kumtafuta wakala. Barua yenyewe iambatane na leseni au mkataba kutoka kwa mwenye haki ya filamu. Karatasi ya duka la Guangzhou inaonyesha ulilipa kiasi gani na siku gani. Jina la mwenye filamu halimo.