Kijana Anapojibu "Sijui" Kila Akiulizwa Ana Nini

Mwanafunzi wa kidato cha pili, shule mojawapo ya Moshi, kaitwa kwa mwalimu wa malezi. Kaulizwa ana nini. "Sijui." Macho sakafuni, kidole kinachokonoa uzi wa sweta. Wengi hapo huona kiburi. Mara nyingi ni jibu la kweli kabisa.

Hisia huanzia mwilini: moyo kwenda mbio, tumbo kukoroga, koo kukaba. Kuzipa dalili hizo jina ni jambo la kufundishwa, na mtoto aliyezimwa kwa "nyamaza, mwanaume halii" hubaki na dalili bila majina. Ndiyo maana wengine huzungushwa hospitalini kwa maumivu ya kichwa au tumbo na vipimo vyote vikaonyesha hana tatizo. Mwaka 1973 daktari Peter Sifneos aliiita hali hii aleksithimia.

Wapo pia wanaosema "najiona kama niko nje ya mwili wangu" au "sauti zinatoka mbali". Hofu ikizidi na pa kukimbilia hakuna, akili hujitenga. Ni kinga. Shida huja inapojiwasha hata pasipo hatari, tuseme mwalimu akipaza sauti tu.

Kijana akiduwaa hivyo, mwite jina taratibu na umwambie alipo: "Uko darasani, leo Jumanne, niko na wewe." Akanyage sakafu kwa miguu yote miwili, ashike chupa ya maji baridi, ataje vitu vitano anavyoviona. Asifumbe macho, maana wengine huzama zaidi. Kumtikisa au kumzaba kibao humthibitishia kuwa hatari ipo kweli.

Akishatulia, acha "kwa nini". Uliza mwili: "Ni wapi? Panabana, panawaka, au pamekufa ganzi?" Kisha mpe maneno mawili achague: hofu au aibu? Kuchagua ni rahisi kuliko kutunga. Dakika tatu kwa siku zinatosha, mkiosha vyombo au mkirudi gengeni, bila kukaziana macho. "Sijui" itaendelea kwa wiki kadhaa, ipokee.

Akiduwaa kwa sekunde chache tu, haitiki hata akiguswa, kope zikichezacheza, kisha akaendelea kama hakuna kitu, apimwe kifafa. Na akijikata, akipoteza kumbukumbu za saa nzima au akitaja kufa, usisubiri: mpeleke hospitali ya Mawenzi, au ya Mount Meru kwa walio Arusha, na usimwache peke yake njiani. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure.