Kienyeji, na yule anayeitwa mwenyeji

Jumamosi moja nilikuwa Jinja, kwenye bustani ya hoteli, nimelipa kiingilio cha karamu ya wakulima. Mshereheshaji, kijana mchangamfu, akashika kipaza sauti akasema: "Chakula chote mnachokiona hapa ni cha kienyeji, yaani kilimo hai, yaani endelevu!" Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nahesabu zile yaani. Si mara ya kwanza kuzisikia zikifuatana hivyo, na nimeona bora niandike.

Karamu zenyewe hazina fumbo. Wakulima wa karibu wanaleta mazao, mpishi anayapika, watu wa mjini wanalipa, wanakaa pamoja na kuulizana maswali: hii imelimwa wapi, imelimwaje, mkulima amepata shilingi ngapi. Miongoni mwa waliouvumisha mtindo huu duniani ni Slow Food, chama kilichozaliwa Italia katika miaka ya 1980, na tangu Julai 2022 rais wake ni mtu wa hapa Uganda, mtaalamu wa kilimo Edie Mukiibi. Basi.

Sasa neno. Kienyeji linatokana na mwenyeji, na mwenyeji ukimpasua utakuta mwenye, kisha -ji, shina lile lile la mji. Mwenyeji ni mwenye mji. Mji wenyewe usiufikirie kama Kampala na foleni zake. Ni mahali watu walipokaa, wakajenga, wakazika wazee wao. Ile ki- ya mbele ni ya namna, kama katika kizee au kitoto. Kwa hiyo kuku wa kienyeji ni kuku kwa namna ya wenyeji. Neno limeishia hapo. Mbolea halikuitaja, wala dawa, wala mbegu ilitoka wapi.

Na lingetaja mbegu tungekuwa mashakani. Muhogo, mahindi, karanga na viazi vitamu, vyote asili yake ni Amerika. Ndizi babu zake walitoka Asia ya Kusini-Mashariki, ingawa matooke yamekaa huku muda mrefu na kugeuka aina nyingi zisizopatikana kwingine. Kwenye kahawa, robusta ndiyo inayoota yenyewe msituni Kibale; arabika ililetwa. Ukiuita muhogo chakula cha kienyeji husemi uongo, maana wenyeji wameulima na kuupika mpaka ukawa wao. Kiswahili chenyewe hapa Uganda ni mgeni aliyepewa kiti kwa Katiba, lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na bado kuna wanaokisikia kama sauti ya kambi ya jeshi. Lakini nenda Bombo, mji wa Wanubi, uwaambie watu kwamba Kiswahili si cha kwao uone.

Kuna maana ya pili ya mwenyeji, na hiyo ndiyo ninayoipenda. Mwenyeji ni yule anayempokea mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kiluganda kina maneno mawili tofauti: nnansangwa, yule aliyekutwa mahali, na nnyinimu, mwenye nyumba. Kiswahili hakikuona haja ya kuwatenga. Aliyekutwa mahali ndiye anayekaribisha, na anayekaribisha ndiye mwenye mahali. Hata Waganda kwenye kuku wamefuata njia ileile: enkoko nganda, kuku wa Waganda. Jina limemfuata mwenye kuku.

Kilimo hai ni habari nyingine kabisa. Hilo ni jina lenye kanuni zilizoandikwa. Afrika Mashariki tuna kiwango chake tangu 2007, na alama inayobandikwa kwenye bidhaa imeandikwa hayohayo maneno mawili, Kilimo Hai, kwa Kiswahili, jambo ambalo hunifurahisha kila ninapoiona. Mbolea za kiwandani haziruhusiwi, dawa za sumu haziruhusiwi, mbegu zilizobadilishwa vinasaba haziruhusiwi, na lazima awepo wa kukagua, awe mkaguzi wa kulipwa au wakulima wenyewe wanaokaguana kikundi kwa kikundi. Huwezi kukitangaza kwa kipaza sauti tu.

Chukua nyanya ya sokoni, ile yenye vumbi jeupe la dawa ya ukungu ambalo sote tunalijua na tunalisugua kwa kidole. Imelimwa na mwenyeji, kwenye udongo wa mwenyeji, imekuja kwa boda ya mwenyeji. Haina uhai wowote wa kilimo hai. Halafu kuna nanasi la hapahapa, limelimwa kwa kanuni zote, likakaushwa, likapanda ndege kwenda Ulaya. Hilo ni kilimo hai, na jirani wa shamba hajalionja.

Endelevu nalo, kutoka kuendelea, linauliza kama mwakani na miaka ishirini ijayo mambo yatawezekana bado. Siku ile tulipikiwa kwa mkaa, magunia yamepangwa nyuma ya jiko. Sikuuliza umetoka wapi, lakini amri ya Rais ya Mei 2023 iliyopiga marufuku biashara ya mkaa kule kaskazini haikutolewa bure. Miti ilikuwa inaisha. Mboga inaweza kuwa safi kabisa na sufuria yake ikawa inakula msitu.

Nirudi kwenye kuku, maana kuku ndiye aliyenikalisha kitako. Kwenye karatasi ya vyakula aliandikwa "kuku wa kienyeji". Mapaja yalikuwa manene mno. Nilimwendea mama aliyewaleta, kutoka upande wa Buwenge, nikamwuliza. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Huyu? Huyu ni kuroila, mwanangu. Nanunua vifaranga vya siku moja, nawachanja, wanakula mabaki na wadudu." Kuroila ni chotara wa India, wameenea huku tangu miaka ya 2010 kwa sababu wanakua haraka na wanajitafutia chakula uani. Mama hakumdanganya mtu. Hakuna aliyemwuliza, basi.

Tena alikuwa amesimama. Yeye na wenzake wanne walikuwa pembeni ya hema, sahani mkononi, huku meza zimejaa sisi tuliolipa, na meneja akizunguka akisema, "Sisi wenyeji wenu tunawakaribisha." Hapo ndipo neno lilinichoma. Kwa hesabu ya lugha, mwenyeji wa chakula kile alikuwa mama wa Buwenge, na hoteli ilikuwa mgeni kama mimi.

Baada ya watu kutawanyika nilimfuata yule mshereheshaji. Sikutaka kumwaibisha, kijana anafanya kazi yake, na karatasi alipewa. Nikamweleza haya kwa ufupi kuliko nilivyoandika hapa. Akanisikiliza, akakuna kichwa.

"Sasa mzee, niseme nini? Kuroila haliuzi."

"Sema kuku hawa wamefugwa Buwenge na mama huyu hapa. Halafu mpe kiti, mpe na hicho kipaza sauti, aseme mwenyewe anawalishaje. Kienyeji ukilitumia hivyo sitakugombeza hata kama kuku ni wa India."

Akaandika kwenye simu. Kisha akaniangalia. "Na mchele wa pilau je?"

"Mchele," nikamwambia, "muulize kwanza mpishi."

Akaenda kweli, na kule jikoni nikasikia mtu anacheka.