Maana ya "mtoto aliyekinzana na sheria"

Tuseme kijana wa miaka 15 amekamatwa na simu isiyo yake soko la Mbuyuni, Moshi. Kituoni anaulizwa umri, anajibu 18. Wala si ujanja. Anabeba mizigo pale sokoni, na sokoni ukisema una miaka 15 unatumwa maji, hupewi gunia. Basi 18 inaandikwa, inaingia kwenye hati ya mashtaka, na kuanzia hapo kesi yake inapita njia ya watu wazima.

Kijana kama huyu ndiye anayeitwa "mtoto aliyekinzana na sheria". Maofisa ustawi wa jamii, mawakili na mahakimu hutumia maneno haya kwa yeyote aliye chini ya miaka 18 anayetuhumiwa, kushtakiwa au kukutwa na kosa. Wapo wanaoguna wakiyasikia: mwizi ni mwizi, mnampaka mafuta ya nini? Mimi naona maneno yamechaguliwa vizuri. "Mhalifu" ni jina, na jina humganda mtu hadi uzeeni. Kukinzana ni hali. Leo mmekinzana, kesho mmepatana.

Kwa Tanzania Bara, msingi wake ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 (Zanzibar ina yake, ya 2011). Kifungu cha 4 kinasema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18, basi. Ndevu, kimo na kwamba anajilipia chumba havimo. Kifungu cha 97 ndicho kinachoanzisha Mahakama ya Watoto, na hapo wazazi wengi huchanganyikiwa, kwa sababu hutafuta jengo lenye bango hilo wasilione. Jaji Mkuu, kwa tangazo la Gazeti la Serikali, anaweza kuliteua jengo la mahakama ya mwanzo liwe Mahakama ya Watoto, na hakimu mkazi akapangiwa kuketi humo. Kwa hiyo chumba mlichogombania mirathi ya babu mwaka jana chaweza kuwa ndicho hicho hicho.

Kinachobadilika ni namna ya kuendesha shauri. Mlango unafungwa: wasikilizaji wa kawaida, wale wanaokuja kupoza jua, hawaingii. Afisa ustawi wa jamii anakuwepo, na mzazi au mlezi pia. Mtoto ana haki ya kuwa na wakili, na ana haki ya kueleza mambo kwa maneno yake mwenyewe. Sheria inataka shauri lisiwe na makali ya kawaida ya mahakama, yale ya kubanana kwa maswali. Kanuni za mwaka 2016 za utaratibu wa mahakama hizi, Tangazo la Serikali Na. 182, ndizo zilizoingia kwenye undani wa jinsi ya kuyafanya hayo yote.

Kabla ya mahakamani kuna mahabusu. Mtoto hatakiwi kuchanganywa na watu wazima anaposhikiliwa. Arusha na Moshi zote zina mahabusu za watoto, zilizo chini ya ustawi wa jamii, si Magereza. Lakini kumbuka kijana wetu kwenye karatasi ana miaka 18. Karatasi hiyo haimpeleki huko.

Kuna ngazi za umri za chini zaidi. Kanuni ya Adhabu, yaani sheria inayotaja makosa ya jinai na adhabu zake, kifungu cha 15, inasema mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kabisa kwa jinai. Hadi 2009 umri huo ulikuwa miaka 7. Aliyefika 10 lakini hajatimiza 12 hawajibiki mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kwamba, wakati anatenda, alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kutenda. Hapo mtetezi mwenye akili hana haja ya kubishana nani alivunja dirisha; anauliza kama mtoto alijua kuwa hakupaswa kulivunja.

Na akikutwa na kosa? Kifungu cha 119 cha Sheria ya Mtoto kinakataza kumhukumu mtoto kifungo gerezani. Anaweza kuachiwa kwa masharti, mzazi akaamriwa kulipa, au akapelekwa shule ya maadilisho, anakokaa na kurekebishwa tabia badala ya gerezani, kama ile ya Irambo, Mbeya. Kwa mzazi wa Moshi, Mbeya ni mbali mno, na nauli ya kwenda kumwona mwanao nayo ni adhabu ingawa haimo kwenye hukumu yoyote.

Sehemu inayonikera ni mauaji. Shauri hilo husikilizwa Mahakama Kuu. Mtoto hanyongwi, lakini Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 26, inasema atashikiliwa kwa ridhaa ya Rais, bila kutaja miaka. Mtu mzima aliyefungwa miaka saba anazijua siku zake na anazihesabu. Huyu hana cha kuhesabu.

Turudi kwa kijana wa Mbuyuni, maana haya yote hayamgusi hadi ile 18 ianguke. Kifungu cha 113 kinaitaka mahakama ichunguze umri wa mtu anayeonekana kuwa mtoto na kupokea ushahidi unaohitajika, wa maandishi au vinginevyo, hata wa kitabibu. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, ndicho cha kwanza kuulizwa, na ndicho familia nyingi hazina. Lakini mama huyu ana kadi ya kliniki iliyofifia wino, na cheti cha ubatizo alichokitunza ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na vitenge. Shule ya msingi ina rejista. Na yeye mwenyewe ana mdomo: "Mheshimiwa, huyu nilimzaa Kibosho, siku mbili baada ya Krismasi. Tulikuwa tumepanda mlimani, nyumbani, kwa sikukuu, gari la kunishusha hospitali likakosekana."

Nani amsaidie kuyapanga hayo? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, wale waliozoeleka mitaani kuandika barua na kuelekeza watu. Hawasimami mahakamani kumtetea mtu, hiyo ni kazi ya wakili, lakini wanajua mlango wa afisa ustawi, na wanajua kwamba suala la umri huibuliwa siku ya kwanza kabisa, kabla shahidi hata mmoja hajaitwa. Siku hiyo mama aje na ule mfuko wa nailoni kama ulivyo, asiache karatasi hata moja nyumbani kwa kudhani imefifia mno.