Kupiga 199 sio kumchongea jirani

Naandika haya kwa sababu malalamiko yamezidi. Kila ukitangazwa mlipuko wa Ebola au ndugu yake Marburg nchi jirani, sisi wa ufuatiliaji wa magonjwa tunaambiwa tunatisha watu, tunafukuza watalii, tunatafuta hela za wafadhili. Sawa, tumezoea. Kinachoniumiza kichwa ni watu kuona ugonjwa wa ajabu mtaani, vifo viwili vitatu nyumba moja, halafu wananyamaza, hawapigi 199 (namba ya simu ya Wizara ya Afya ya kutoa taarifa), ati hawataki kumchongea jirani.

Chukua Biharamulo, mkoani Kagera hapa Tanzania. Marburg ilitangazwa tarehe 20 Januari 2025, lakini anayedhaniwa kuwa mgonjwa wa kwanza alianza dalili tarehe 9 Desemba 2024. Piga hesabu hizo wiki. Mpaka mlipuko unathibitishwa watu 8 walishafariki, mwisho wakafika 10, na kwa wote waliohesabiwa kuugua hakupona hata mmoja. Sasa angalia Rwanda, Septemba mpaka Desemba 2024: wagonjwa 66, vifo 15. Marburg hiyohiyo, isiyo na chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Wengi wa wagonjwa kule walikuwa watumishi wa afya, wakagundulika mapema, wakapata dripu na uangalizi wa karibu. Sisemi ni hilo peke yake, ila kuwahi kulichangia sana.

Dalili mnazijua, sirudii. Ila jamani msisubiri damu! Wengine hawatoki damu kabisa, ni homa kali, kichwa, kutapika na kuharisha, yaani unaapa ni malaria, na kipimo cha malaria kikisoma positivu bado haimaanishi hana kingine.

Ukipiga 199 ni bure, utaulizwa uko wapi, mgonjwa ana nini tangu lini, alisafiri wapi, alimuuguza au kumzika nani. Taarifa inashuka kwa timu ya wilaya, wanakuja wakiwa na mavazi ya kujikinga (sio kwamba wameshajua ni Ebola, ndio utaratibu, acheni kupiga picha na kurusha kwenye magrupu). Damu ikichukuliwa, kichupa kinafungwa kwenye kitu cha kunyonya kikimwagika, kinaingia kwenye kopo lisilovuja, kopo linaingia kwenye boksi la tatu lenye ubaridi, na jina kwenye kichupa lazima lifanane na la kwenye fomu, vinginevyo maabara inairudisha na tunaanza upya na siku imekwenda. Halafu majibu yakiwa negativu na sampo ilichukuliwa ndani ya saa 72 tangu dalili zianze, tunapima tena, maana mwanzoni kirusi kinaweza kuwa kidogo kwenye damu kipimo kisikione. Hatufichi kitu hapo. Na taarifa nyingi tunazopokea zinaishia kuwa malaria au taifodi, hakuna anayekugombeza kwa hilo.

Waliomgusa mgonjwa wanafuatiliwa siku 21, joto linapimwa asubuhi na jioni. Mtu yuko siku ya 12, mzima wa afya, anazima simu anakwenda kwa shemeji yake wilaya nyingine! Tunabaki kumtafuta na kuandikisha orodha mpya ya watu aliokaa nao huko. Kuficha mgonjwa au kukwepa ufuatiliaji kunakuingiza kwenye mkono wa Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, na anayesambaza uongo mtandaoni kwa makusudi asome kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili. Hatupendi kufika huko, tunapendelea kuongea.

Na wale wanaotaka kwenda kuwachoma popo mapangoni kwa kuwa ndio wanaobeba kirusi cha Marburg, hiyo ilishajaribiwa. Kwenye mgodi wa Kitaka, Uganda, popo wa matunda waliuawa baada ya watu kuugua Marburg 2007. Popo wakarudi, na walipopimwa 2012 waliokuwa na kirusi walikuwa asilimia kubwa kuliko mwanzo, mwaka huohuo Marburg ikalipuka tena upande uleule. Waacheni popo, usiingie pangoni bila sababu, basi.

Mazishi nayo ni mtihani, naelewa. Lakini maiti ya aliyekufa kwa ugonjwa huu ina virusi vingi mno, kwa hiyo kuosha kwa mikono mitupu hapana. Familia inaruhusiwa kuwepo, kusali, kuona kaburi, timu inabeba mwili.

Swali la mwisho, nalipata sana kwa madereva wa bodaboda: "nilimpakia mgonjwa, nikisema si mtanichukulia pikipiki?" Hapana. Inapuliziwa klorini, unabaki nayo, wewe unaingia kwenye orodha ya kupimwa joto. Tunachohitaji ni ulimtoa wapi, ulimshusha wapi, na nani mwingine alikaa kwenye siti ile siku hiyo.